Pimbi wa Mwambani, Nguva wa Baharini

Masika yalikuwa yanakatika vijana wawili wa Katonga, hapa Kigoma, waliponijia nyumbani na pimbi aliyeuawa na mbwa wao. Mkubwa nilimfundisha baiolojia kidato cha pili, na alijua kwamba mnyama wa namna hiyo hapiti mlangoni kwangu bila kuangaliwa. Nikamlaza juu ya gunia barazani, nikamgeuza mguu wa nyuma. Vidole vitatu. Viwili vina kucha fupi, bapa, za mviringo, mithili ya kwato ndogo. Cha ndani peke yake kina ukucha mrefu uliopinda, na huo pimbi huutumia kuchania manyoya. Wayo ulikuwa mweusi na laini, bado una unyevunyevu, kama mpira uliotolewa majini sasa hivi. Kwa wayo huo hupanda mwamba uliosimama wima bila kuteleza. Miguu ya mbele ina vidole vinne. Mkia hakuna.

"Mwalimu, huyu si panya buku tu?" akauliza yule mdogo.

Nikamwambia panya si ndugu yake wa karibu hata kidogo. Ndugu wa karibu wa pimbi walio hai leo ni tembo na nguva.

"Nguva yule wa Mafia?" akauliza kaka yake.

"Huyohuyo."

Wakatazamana, wakanyamaza. Siwalaumu. Pimbi mzima ana kilo mbili hadi tano, anaenea kwenye kapu la sokoni. Nguva hufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 250 hadi 400. Ukitaka kumlinganisha naye kwenye mizani, utafute pimbi mia. Mmoja anaota jua juu ya mawe yanayotazama Ziwa Tanganyika, mwingine hajawahi kukanyaga nchi kavu tangu azaliwe, na hana hata miguu ya kukanyagia. Kwa hiyo nilikaa nao asubuhi nzima nikiwaeleza, na hapa naandika yale niliyowaeleza pamoja na machache niliyoyasahau siku ile.

Kinachotuchanganya ni kwamba wanyama tunawapangia undugu kwa sura, jambo ambalo kwa binadamu hatulifanyi. Mtu wa Ujiji na mtu wa Mwanza wanaweza kufanana kama mapacha na wasiwe na babu mmoja wanayemjua. Na watoto wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kimo, rangi na sauti, bado ni ndugu. Kwenye ukoo tunauliza nani alimzaa nani. Wanyama nao ni hivyohivyo. Nikisema pimbi na nguva ni ndugu, sisemi kwamba mmoja alimzaa mwenzake, wala kwamba pimbi ni tembo aliyenywea. Nasema kwamba ukihesabu mababu wa pimbi kurudi nyuma, na mababu wa nguva kurudi nyuma, mistari hiyo miwili inakutana kwa babu mmoja aliyeishi yapata miaka milioni 60 iliyopita au zaidi, na babu huyo hakuwa babu wa panya, wala wa sungura, wala wa ng'ombe. Mstari wa tembo unaingia hapohapo.

Kosa la yule mdogo lina historia ndefu. Mwaka 1766 mwanasayansi Peter Simon Pallas alipompa pimbi jina la kisayansi, alimpanga kundi moja na simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa mwenye asili ya Amerika Kusini. Na huku kwetu wapo wafugaji wanaomwita simbilisi wao "pimbi" mpaka leo. Macho ya msomi wa Ulaya na macho ya mfugaji yalidanganywa na kitu kilekile: mwili mnene, masikio mafupi, mkia hakuna. Wenye Biblia ya Kiswahili wanamjua kwa jina la wibari, na yule mwenzake anayeishi mitini na kupiga kelele za kutisha usiku huitwa perere. Wote ni ukoo wa pimbi.

Nikaanza na meno, kwa sababu watu wa huku tuna sababu ya kuyajua. Njia ya misafara kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo ilipitisha shehena za pembe za ndovu karibu karne nzima ya 19, mabegani mwa watu. Tunaziita pembe, lakini ni meno, na Kiswahili chenyewe kinalijua hilo, ndiyo maana tunasema pia meno ya tembo. Swali ni meno yapi. Ngiri, yale yaliyochomoza mdomoni ni chonge. Kiboko naye, silaha yake kubwa ni chonge. Tembo hana chonge kabisa. Yale marefu yanayotoka kando ya mkonga ni meno ya mbele, ya safu ileile ambayo wewe unaitumia kung'atia embe, ila yamerefuka kupita kiasi.

Nikamfunua pimbi mdomo wa juu. Meno mawili ya mbele, marefu, yamechongoka, na kwa kuwa alikuwa dume yalikuwa na kingo tatu kali kama mkuki mdogo. Yanaota maisha yote. Nyuma yake kuna pengo, kisha magego. Nguva dume naye, akishakomaa, hutokeza meno mawili ya mbele ya juu kama pembe fupi. Wanyama watatu, mmoja wa porini, mmoja wa mwambani, mmoja wa baharini, na wote watatu pembe zao zimetoka kwenye meno ya mbele.

Kaka mtu akaniuliza swali zuri: panya naye si ana meno ya mbele yasiyoacha kuota? Anayo. Lakini ya panya ni patasi, ameumbiwa kuguguna. Pimbi hagugunii meno yale. Mtazame akila: hugeuza kichwa ubavu na kukata jani kwa magego, kama mtu mwenye mswaki uliokwama shavuni. Meno yake ya mbele ya chini yana mianya kama kitana, na kazi yake ni kuchana manyoya. Ya juu ni ya kupigana na kutisha. Ukiangalia juujuu utaona yamefanana na ya panya, lakini ukifuata kazi na umbo la jino lenyewe, unajikuta kwa tembo.

Kisha mimba. Panya hubeba mimba wiki tatu. Sungura, mwenye mwili wa kulingana na pimbi, mwezi mmoja. Mbuzi miezi mitano. Pimbi, mnyama anayeenea kwenye kapu, hubeba miezi saba na nusu hivi, na mtoto hutoka macho wazi, ana manyoya, na muda mfupi baadaye anarukaruka juu ya mawe. Nguva hubeba miezi 13 au 14. Tembo 22. Kwa mwili wake pimbi alipaswa kuwa na haraka kama sungura, lakini anafuata taratibu ya ukoo wake. Hili kwangu ndilo linaloshangaza kuliko yote, hata kuliko meno, kwa sababu kubeba mimba muda mrefu hivyo ni hatari kwa mnyama mdogo anayewindwa na kila mwenye makucha. Tai mweusi wa milimani, kwa mfano, karibu chakula chake chote ni pimbi.

Yako mengine ya ndani. Madume wa wote watatu korodani zao hubaki ndani ya mwili, karibu na figo, hazishuki nje kama za mbuzi au mbwa. Jike la tembo lina chuchu mbili kifuani, katikati ya miguu ya mbele. La nguva lina mbili, kila moja chini ya pezi, mahali pa kwapa, na huko ndiko mtoto hunyonya. Jike la pimbi lina jozi kwapani, ingawa lina nyingine karibu na mapaja. Nadhani chuchu hizo za kifuani ndizo zilizosaidia watu wa pwani nyingi duniani kumwona nguva kama mwanamke wa majini, mpaka Kiswahili kikalitumia jina lilelile kwa yule mtu-samaki wa hadithi.

Na nywele. Hili nilikuwa nalijua kwa kusoma, siku ile nikaliona kwa macho. Ukipitisha kiganja juu ya mgongo wa pimbi unakutana na nywele nyeusi ndefu zilizosimama moja hapa, moja pale, zimepita manyoya mengine yote. Si uchafu wala si manyoya yaliyokosa kuchanwa. Kila moja ina mizizi yenye neva, kama masharubu ya paka, ila paka anayo usoni na pimbi anayo mwili mzima. Ndani ya ufa wa mwamba wenye giza, pimbi anajua kwa nywele hizo jiwe limembana upande gani. Sasa mchukue nguva. Kwa mbali ngozi yake ni tupu, lakini imetawanyikiwa na vinywele vifupi mwili mzima, na navyo ni vya kuhisi, kwa ajili ya maji yaliyochafuka ambamo macho hayasaidii sana. Wanyama wengi wana masharubu. Walioyasambaza mwili mzima ni wachache mno, na wawili kati yao ndio hawa.

Mtu anaweza kusema haya yote yamepangwa ili yalingane. Ndiyo maana vinasaba vilikuja kuwa muhimu. Mwaka 1945 George Gaylord Simpson, mtaalamu wa mabaki ya wanyama wa kale, kwa kutumia mifupa na meno, alikuwa ameshawaweka tembo, nguva na pimbi kundi moja. Katika miaka ya 1990 watafiti walipoanza kusoma vinasaba vyenyewe, kundi lile halikuvunjika. Likapata hata majirani ambao hakuna aliyewategemea: muhanga, yule mla mchwa, na sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, wote wakaonekana kutoka kwenye shina moja la zamani la Afrika. Mwaka 1998 shina hilo likapewa jina Afrotheria, maana yake wanyama wa Afrika. Bara letu lilikaa makumi ya mamilioni ya miaka limetengwa na bahari, likiwa kisiwa kikubwa, na ukoo huu ukajichipulia humo peke yake, ukajaza nafasi ambazo mabara mengine zilijazwa na wanyama wa asili nyingine.

Kwa nini basi wasifanane? Kwa sababu sura ni kitu kinachobadilishwa na kazi. Nguva anachunga nyasi zinazoota chini ya bahari ya kina kifupi. Mifupa yake ni mizito na imejaa, inamsaidia kukaa chini bila kuelea kama boya. Mapafu yake ni marefu, yamelala mgongoni, ili mwili usielemee upande mmoja. Miguu ya nyuma imetoweka, umebaki mfupa mdogo wa nyonga uliofichika ndani ya nyama. Mkia umekuwa kasia pana. Pimbi naye amebakiwa na miguu kwa kuwa mwamba unaidai, akapoteza mkia kwa kuwa hauna kazi huko. Lakini ni nani anayezuiwa kuishi majini na mahali korodani zilipo, au kuishi mwambani na urefu wa mimba? Mambo ya namna hiyo mazingira hayayagusi kwa urahisi, basi hurithiwa kimyakimya, na ndiyo anayoyatafuta mtu anayefuatilia ukoo.

Hata tabia zao hazikuachana kama inavyodhaniwa. Wote wawili hula majani, na wote wawili huyachachua nyuma, katika utumbo mpana, siyo katika tumbo la kucheua kama la ng'ombe. Utumbo mpana wa nguva unapita mita 20. Pimbi hutafunatafuna akiwa ametulia, ndiyo maana wa kale walidhani anacheua. Chakula cha majani hakitoi nguvu nyingi kwa haraka, na miili ya wote wawili huchoma nguvu polepole. Nguva amelitatua hilo kwa kukaa bahari ya joto. Pimbi amelitatua kwa jua. Pita chini ya miamba saa moja asubuhi utawaona wamelala matumbo juu ya jiwe, wamebanana, mmoja kainua kichwa analinda. Kabla hujawaona wenyewe utaona michirizi myeupe mwambani kama mtu kamwaga chokaa: ni mikojo yao ya miaka na miaka, kwa kuwa huenda haja mahali palepale.

Kigoma tuna mfano wa upande wa pili pia, wa wanaofanana bila kuwa ndugu, na ni mzuri mno, siwezi kuuacha. Nguva na pomboo ukiwachora kwenye ubao wanafanana: mkia wa kulala, mapezi mawili, hawana miguu. Lakini pomboo na nyangumi si ndugu wa karibu wa nguva. Ndugu yao wa karibu aliye hai ni kiboko, yule yule anayekoroma usiku katika mto Malagarasi. Kwa hiyo baharini nguva na pomboo wamekutana kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja ana kwao. Nguva kwao ni kwa pimbi na tembo. Pomboo kwao ni kwa kiboko, na mbele kidogo ni kwa ng'ombe.

Ushahidi wa safari hizo umo ardhini. Huko Jamaika yalipatikana mabaki ya mnyama wa ukoo wa nguva aliyeishi kama miaka milioni 50 iliyopita, na mtafiti Daryl Domning akayaeleza mwaka 2001: ana kichwa na mbavu nzito za ukoo wa nguva, lakini ana miguu minne kamili ya kutembelea. Na Fayum, jangwani kusini-magharibi mwa Kairo, kuna mifupa ya pimbi wa zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, aina nyingi, wadogo kama wa leo na wengine wakubwa mno, mmoja akikadiriwa kuwa na ukubwa wa faru. Kuna wakati, kabla swala na nyati hawajaenea, walaji majani wengi wa Afrika walikuwa pimbi. Hawa tunaowaona mawe kwa mawe ni mabaki ya ukoo uliokuwa na nchi nzima.

Lakini kuna jambo moja ambalo nililiweka mwisho kwa wale vijana, na nitaliweka mwisho wa hoja hapa pia. Ndani ya misuli mna protini iitwayo mayoglobini, ndiyo inayoipa nyama wekundu, na kazi yake ni kutunza oksijeni. Mnyama anayezamia anahitaji nyingi. Shida ni kwamba protini zikisongamana hugandana. Wazamiaji wameliepuka hilo kwa mayoglobini yenye chaji nyingi zaidi ya umeme, ili chembe zisukumane zisishikane, kama sumaku mbili zilizoelekezana ncha za aina moja. Mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, lilichapisha matokeo ya kulinganisha chaji hiyo kwa wanyama wengi na kukadiria ya mababu zao. Kwenye babu wa pamoja wa tembo, nguva na pimbi wakaona dalili ya mnyama aliyeishi nusu majini. Nguva, basi, alibaki majini akazidi kuyaingia. Aliyehama ni pimbi. Mnyama anayekaa juu ya jiwe kavu kuliko yote, ambaye hupata sehemu kubwa ya maji yake kwenye majani anayokula, ana alama ya mzamiaji ndani ya nyama yake.

Yule mdogo aliushika tena ule wayo wenye unyevu, akautazama kwa muda. Nikalazimika kumwambia kwamba unyevu ule ni jasho la tezi za wayo, haukutoka kwa babu wa majini.

Nguva wa pwani yetu wamebaki wachache, wengi wakitajwa eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, na wanauawa zaidi na nyavu za jarife, ambamo hunaswa na kufa kwa kukosa kupanda juu kupumua. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitatu hadi saba. Ukipoteza majike mawili mahali wamebaki kumi, hesabu hairudi katika maisha ya mvuvi mmoja. Nguva mkubwa wa bahari ya baridi ya kaskazini, aliyefikia urefu wa mita 8, aliandikwa na Georg Steller mwaka 1741, na kufikia 1768 alikuwa ameshaliwa wote. Miaka 27. Naomba wenzetu wa pwani wasome sentensi hiyo mara mbili.

Kabla hawajaondoka, kaka mtu aliniuliza kama nguva hawezi kuwa aliwahi kuishi Ziwa Tanganyika. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lina mawimbi ya kuzamisha mtumbwi, lina konokono wenye magamba mazito ya michongo kama ya pwani, na lina yavuyavu, wale wanyama laini kama ute wenye umbo la mwavuli. Swali hilo liliwahi kuulizwa na watu wazima. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mara mbili kuchunguza, akashawishika na konokono na yavuyavu hao kwamba ziwa hili ni kipande cha bahari ya kale kilichofungiwa bara. Haikuwa hivyo. Ziwa limetokana na kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, na halijawahi kuwa bahari. Konokono wale ni wa maji baridi, wamepata magamba mazito humuhumu ziwani, ambamo kaa wa ziwa huvunja magamba dhaifu wakala kilichomo. Nguva hakupata njia ya kufika.

Tulishuka wote watatu hadi ufukweni, upande ambao maji hutulia. Yavuyavu walikuwapo, duara safi zisizozidi sarafu, zinafumba na kufumbua chini kidogo ya uso wa maji. Yule mdogo alimteka mmoja kwenye kikombe cha plastiki, akakiinua kwenye jua.

"Na huyu, mwalimu, ndugu zake wako wapi?"

Nikamwambia wako maji baridi mengine ya Afrika, Ziwa Victoria mojawapo.